Kanyaga gololi: mwongozo kamili wa kuirusha ndege isiende mrama

Mtoto aliyekulia Shangani au Mikindani huujua usukani kabla hajajua kusoma. Ngalawa ikitakiwa kwenda kushoto, aliyekaa tezi anaushika usukani, omo inageuka, safari inaendelea. Mimi nilikulia hivyo, na ujuzi huo ndio ulionitesa siku niliyokaa kwa mara ya kwanza kwenye kiti cha kushoto cha ndege ya mafunzo. Mwalimu akasema, "Haya, geuka kushoto." Nikakanyaga pedali ya kushoto. Pua ikaenda kushoto kweli, lakini mwili wangu ukatupwa kulia hadi bega langu likamgonga mwalimu. Hakunigombeza. Alinyoosha kidole kwenye kioo chembamba kilichopinda, chini ya mojawapo ya saa za dashibodi. Ndani ya kioo, gololi nyeusi ilikuwa imekimbilia kulia mpaka mwisho.

"Hiyo gololi inakwambia kitu kilekile ambacho kiuno chako kimeshakwambia," akasema. "Hujageuka, kijana. Umeserereka."

Nimerusha ndege ndogo kati ya Mtwara, Lindi na Kilwa kwa miaka mingi tangu siku ile, na bado naamini kile kioo cha gololi ndicho chombo kinachodharauliwa kuliko vyote ndani ya ndege. Nimeandika mwongozo huu kwa anayeanza kujifunza urubani, kwa kijana anayerusha simulata kwenye kompyuta nyumbani, na kwa abiria anayetaka kujua kwa nini safari nyingine zinamchafua tumbo na nyingine hazimchafui. Jambo la kushika tangu sasa ni hili: katika ndege, usukani wa mkia, ule unaochezeshwa na pedali, haugeuzi chombo. Kinachogeuza ni bawa. Usukani wa mkia kazi yake ni kuinyoosha pua ili ndege iukate upepo kwa uso, isiukate kwa ubavu.

Gololi inapima nini hasa

Panda basi la Lindi kwenda Mtwara. Dereva akiikata kona bila kupunguza mwendo, unamlalia jirani yako. Basi haliwezi kulala, kwa hiyo mzigo wote wa kona unaubeba wewe kwa ubavu. Sasa panda bodaboda, kona ileile, mwendo uleule. Kijana analaza pikipiki, na wewe nyuma yake hutupwi upande wowote. Unachohisi ni kukandamizwa kwenye kiti. Ndege inatakiwa igeuke kama bodaboda. Ikigeuka kama basi, kuna kosa.

Ndani ya kona kuna mivuto miwili inayoukamata mwili: uzito wako unaokuvuta chini, na ule msukumo wa kutupwa nje ya kona. Ndege ikilazwa kiasi kinacholingana na ukali wa kona, jumla ya mivuto hiyo huelekea moja kwa moja sakafuni. Gololi nayo ina uzito na iko huru kutembea, kwa hiyo hutulia katikati, baina ya mistari miwili iliyochorwa kwenye kioo. Huko ndiko kuruka kwa uwiano. Mlalo ukiwa mkubwa kuliko kona, gololi huporomokea upande wa ndani. Kona ikiwa kali kuliko mlalo, gololi hutupwa nje.

Angalia jambo ambalo wanafunzi wengi hulikosea. Gololi haijui upeo wa macho uko wapi. Ndege inaweza kuwa imelala nyuzi 60, Bahari ya Hindi imejaa dirishani, na gololi iko katikati, imetulia kabisa. Kikombe cha chai kilichowekwa sakafuni hakitamwagika. Utakachohisi ni uzito wa mwili wako umekuwa mara mbili. Kwa hiyo gololi ikiwa katikati haimaanishi mabawa yako sawa. Inamaanisha tu kwamba huendi upande.

Chombo chenyewe ni rahisi mno: kioo kilichopinda, kimejaa kimiminika kinachoizuia gololi isirukeruke. Hakitumii umeme wala jairo, yaani gurudumu linalozunguka kwa kasi. Kila kitu kikizimika hapo mbele, gololi itaendelea kufanya kazi kama kawaida, maana uzito haukatiki kama luku.

Juu ya gololi kuna chombo cha pili kinachokaa nayo ndani ya saa ileile ya dashibodi, na hicho ndicho kinachotumia jairo. Kwenye ndege za zamani ni sindano iliyosimama. Ndiyo iliyokuwa mbele ya Charles Lindbergh mwaka 1927 alipovuka Atlantiki peke yake kwa saa 33 na nusu. Kwenye ndege nyingi za mafunzo za leo ni kindege cheupe kinachoinama kushoto na kulia. Sindano inaonyesha kasi ya pua kugeuka tu. Kindege, kwa sababu jairo yake imeinamishwa takriban nyuzi 30, kinahisi pia ndege inapoanza kulala, ndiyo maana kinawahi kujibu. Lakini usisome mlalo kwenye kindege, hakipimi mlalo. Bawa lake likigusa alama, ujue unageuka nyuzi 3 kwa sekunde, yaani duara zima kwa dakika 2.

Mlalo unaohitajika kwa kona hiyo unategemea mwendo. Mimi huchukua asilimia 15 ya mwendo halisi kwa noti, yaani maili za baharini kwa saa. Kwa noti 90 ni nyuzi 13 na nusu hivi, kwa noti 120 ni nyuzi 18, kwa noti 160 ni nyuzi 24.

Uikague ukiwa bado chini

Kabla ya injini kuwaka, tazama kioo. Kimiminika kijae, pasiwe na kiputo cha hewa, na gololi ikae sehemu ya chini kabisa ndege ikiwa kwenye ardhi tambarare. Ukianza kutembea kuelekea njia ya kurukia, kila kona unayokata ni kipimo. Ukikata kushoto, kindege au sindano iende kushoto na gololi iende kulia, kwa sababu chini ndege ni basi, haiwezi kulala. Ukikata kulia, kinyume chake. Usipouona mwendo huo, rudi ukaegeshe.

Kwa nini gololi hutoka

Sababu ya kwanza iko kwenye mabawa. Ukipeleka usukani wa mkono kushoto ili ulaze ndege kushoto, kile kipande kinachochezea ukingoni mwa bawa la kulia, yaani eleroni, hushuka, na cha kushoto hupanda. Bawa la kulia hubeba zaidi na kuinuka. Lakini hakuna cha bure angani: bawa linalobeba zaidi huburutwa zaidi na hewa. Linabaki nyuma kidogo, na pua inavutwa kulia wakati wewe unataka kwenda kushoto. Gololi huporomoka kushoto. Dawa yake ni mguu wa kushoto uende pamoja na mkono wa kushoto, na uache pale mkono unapoacha.

Ndugu wawili, Wilbur na Orville Wright, walipambana na ugonjwa huu kwenye vilima vya mchanga vya Kitty Hawk huko Marekani. Ndege yao kubwa isiyo na injini ya mwaka 1901 haikuwa na mkia wa kusimama, na ilipolazwa upande mmoja, pua ilienda upande mwingine. Mwaka 1902 waliweka mkia, kwanza usiosogea, kisha wakaufanya usogee na kuunganisha kamba zake na zile za kukunja mabawa. Naitaja habari hii kwa sababu inamaliza ubishi: usukani wa mkia ulipofika kwenye ndege yao, ulikuja kutibu huu ugonjwa wa pua, haukuletwa uwe kama usukani wa ngalawa.

Sababu ya pili ni injini. Katika ndege ndogo nyingi za Cessna na Piper, panga-boi huzunguka kwa mwelekeo wa mshale wa saa ukilitazama ukiwa ndani. Upepo wake huizunguka ndege kama kamba na kulipiga pezi la mkia upande wa kushoto. Juu ya hilo, pua ikiwa imeinuliwa, panga linaloshuka upande wa kulia huvuta kuliko linalopanda upande wa kushoto. Matokeo ya yote mawili ni pua kukimbilia kushoto, hasa unapopanda kwa nguvu kubwa na mwendo mdogo. Gololi huenda kulia, na mguu wa kulia ndio unaoirudisha. Ukipunguza injini ili ushuke, mambo hugeuka, na pengine ukahitaji mguu wa kushoto kidogo. Zipo ndege ambazo panga huzunguka kinyume, kama Yak-52 ya Urusi, na kwazo miguu nayo hubadilishana.

Nilidhani nalijua hili vizuri, mpaka nilipofundishwa tena na bibi mmoja. Alikaa dirisha la kulia, mstari wa pili nyuma yangu, kwenye ndege ndogo ya injini moja. Tulikuwa tumeondoka Mtwara asubuhi, upepo wa kusi umeshaanza kuamka, nami nilikuwa nazungumza na redio huku ndege ikipanda. Sikuwa nimerekebisha trimu ya usukani wa mkia, yaani kile kigurudumu kinachoushikilia usukani ili mguu upumzike. Mguu wangu wa kulia ulikuwa umelegea, na sikuliona. Baada ya kutua nilimsaidia kushuka ngazi.

"Shikamoo bibi. Safari imeenda vizuri?"

"Marahaba, mjukuu wangu. Vizuri, ila ule mlima wako wa kwanza, ubavu wangu wote ulikuwa ukutani. Kila nikijiinua, narudi ukutani."

Mkononi alikuwa na chupa ya maji, nusu imejaa. Akainyanyua na kuiinamisha kidogo kunionyesha: "Maji yalikaa hivi." Yalikuwa yamepanda kidole kimoja tu, upande wa kulia. Kidole hicho kimoja kwenye chupa ni gololi iliyotoka kwenye kioo. Mimi niliyekuwa na kioo mbele ya macho sikukiona, na yeye aliyekuwa na chupa mkononi alikiona. Tangu siku ile, gurudumu la trimu ya mkia naligusa kabla ya kuigusa redio.

Sababu nyingine ni ndogo lakini zipo: mafuta kuwa mengi upande mmoja, hewa yenye mawimbi, mguu wa rubani kulala juu ya pedali bila yeye kujua.

Kanuni, kisha mazoezi

Kanuni ni maneno mawili: kanyaga gololi. Ikienda kulia, mguu wa kulia. Ikienda kushoto, mguu wa kushoto. Kanyaga taratibu mpaka irudi, kisha ulegeze, maana ukikanyaga kwa hasira itavuka mpaka upande wa pili na utaanza kuifukuza kama kuku.

Mazoezi haya yafanye na mwalimu, futi 3,000 au zaidi juu ya ardhi, baada ya kuangalia kama hakuna ndege nyingine karibu. Sisi wa huku tuna bahati ya alama nzuri za kutazama: ncha ya Msangamkuu, mdomo wa ghuba ya Mikindani, na ukienda bara, ukingo wa nyanda za juu za Makonde kule Newala.

Anza na ndege ikiwa sawa, mwendo wa kawaida. Ondoa macho kwenye dashibodi. Mwalimu akanyage pedali moja kidogo, nawe useme gololi imeenda wapi kabla ya kuitazama. Akikanyaga kushoto utahisi nyonga ya kulia inabeba zaidi, na gololi itakuwa kulia. Rudieni mara kumi, hata ishirini. Wengi hulipuuza zoezi hili kwa sababu halina mbwembwe, na mimi naliona ndilo la maana kuliko yote. Rubani mwenye kiuno kinachosikia hahitaji kuitazama gololi kila mara. Huitazama kuthibitisha tu.

La pili, weka miguu sakafuni. Laza ndege kushoto kwa haraka kwa mkono peke yake, na utazame pua ikiwa imeelekezwa kwenye ncha ya Msangamkuu. Utaiona ikikimbia kulia kwanza, kana kwamba imekataa, ndipo ifuate kona. Hapo umekiona kile walichokiona akina Wright. Ukikiona mara moja kwa macho yako, huhitaji tena kuhubiriwa.

La tatu, irudie ileile na miguu sasa ifanye kazi. Laza kushoto nyuzi 20, bila kukaa laza kulia nyuzi 20, tena kushoto, na pua isitoke kwenye alama. Mkono na mguu viende kama watu wawili wanaotwanga kwenye kinu kimoja. Gololi itacheza kidogo, na hapa hilo si kosa, kwa sababu unachofundisha ni muda wa mguu. Mwanzoni pua itachora duara, na ukichoka itachora nane. Pumzika, nyoosha vidole vya miguu ndani ya kiatu, rudia. (Vaa viatu vyenye soli nyembamba. Buti za kazi haziipi nyayo habari yoyote.)

Kisha ingia kwenye kona halisi za nyuzi 30. Mkono na mguu vinaanza pamoja. Mlalo ukishapatikana, vyote viwili vinarudi karibu na katikati, na hapo ndipo wanafunzi wanapoharibu: mkono umerudi, mguu umebaki umekanyaga. Gololi inakaa nje kona nzima na mtu anashangaa. Kutoka kwenye kona ni kazi ileile kwa upande wa pili.

Malizia kwa nguvu ya injini. Panda kwa nguvu zote mpaka futi 500 zaidi, gololi katikati, halafu rudisha nguvu mpaka chini na ushuke, gololi bado katikati. Fanya hivyo pia kwa mwendo wa chini kabisa unaoruhusiwa, maana hapo usukani wa mkia unakuwa mlegevu na miguu lazima isafiri mbali zaidi kupata jibu lilelile. Siku mwalimu atakapoifunika gololi kwa karatasi na ukaweza kufanya haya yote, miguu yako imeiva.

Slipi na skidi: mmoja ni rafiki mkorofi, mwingine ni muuaji

Marubani huita gololi ya ndani "slipi" na gololi ya nje "skidi". Katika slipi, ndege imelala kupita kona yake, inaserereka kuelekea ndani. Katika skidi, pua imelazimishwa kugeuka kupita mlalo, na ndege inaburuzwa kuelekea nje. Kwenye kioo yote mawili ni gololi iliyotoka, na dawa ni ileile ya kuikanyaga. Lakini karibu na ardhi hayafanani hata kidogo, na ningependa usome sehemu hii taratibu.

Chukua siku ya kusi. Tangu Aprili hivi upepo huu hutoka kusini na kusini-mashariki, na mchana pwani yetu huwa na nguvu. Unatua kuelekea kusini, mzunguko wa kushoto. Umepita sambamba na njia ya kurukia ukielekea kaskazini, ikiwa kushoto kwako. Umekata kushoto, sasa unaelekea magharibi, na upepo uko mgongoni. Unakusukuma haraka kuliko ulivyotarajia. Ulipopanga kuanza kona ya mwisho, umeshachelewa, na mstari wa katikati unakupita.

Sasa moyo unataka kuivuta pua irudi kwenye mstari. Mlalo tayari ni nyuzi 30 na unaogopa kuuongeza ukiwa chini hivi. Hapo mguu wa kushoto unaanza kukanyaga wenyewe. Hiyo ni skidi. Pua inakata kushoto, bawa la kulia lililo nje linakwenda kasi zaidi na kuinuka, ndege inataka kulala zaidi. Wewe unazuia kwa kupeleka mkono kulia. Kwa kufanya hivyo unaishusha eleroni ya bawa la kushoto, lile lililo chini, lenye mwendo mdogo, na kulifanya liikabili hewa kwa pembe kali zaidi. Pua inashuka kidogo, unaivuta juu. Bawa la kushoto linastoli kwanza, yaani hewa inaachana nalo na haliwezi tena kubeba. Ndege inapinduka kulielekea bawa hilo hilo, na kuanza kuzunguka kama pia. Kutoka futi 400 hakuna nafasi ya kuitoa.

Ingekuwa slipi, bawa la juu ndilo lenye tabia ya kustoli kwanza, na ndege ingeelekea kujinyoosha badala ya kupinduka. Ndiyo maana namwita slipi rafiki mkorofi. Ni mkorofi, ila hakuui kwa haraka hiyo.

Ongeza hesabu ya mlalo. Mwendo wa kustoli hupanda kwa asilimia 7 ukilala nyuzi 30, asilimia 19 kwa nyuzi 45, na asilimia 41 kwa nyuzi 60. Ndege inayostoli kwa noti 50 mabawa yakiwa sawa itastoli karibu noti 60 kwa nyuzi 45. Kwa hiyo sheria yangu kwenye kona ya mwisho haina mjadala: mlalo usizidi nyuzi 30, gololi katikati, na mstari ukinipita naongeza nguvu, napanda, nazunguka upya. Mafuta ya mzunguko mmoja ni nafuu. Na siku ya kusi, anza kona hiyo mapema kuliko jana.

Slipi ya makusudi

Baada ya vitisho hivyo, kuna wakati rubani huitoa gololi kwa hiari yake. Wa kwanza ni upepo wa ubavuni wakati wa kutua. Unatua kuelekea kaskazini msimu wa kaskazi, upepo unatoka kaskazini-mashariki, kulia kwako. Unashusha bawa la kulia kidogo ili ndege isichukuliwe, na mguu wa kushoto unaiweka pua sambamba na njia. Gololi itakaa kulia, na hapo ndipo mahali pake. Gurudumu la kulia hugusa kwanza. Usiikanyage gololi katika sekunde hizo, maana ukiikanyaga utaipinda pua na magurudumu yatagusa yakiwa mshazari.

Wa pili ni pale uko juu mno na njia ni fupi, mbele kuna mikorosho au minazi, nawe hutaki kuongeza mwendo. Shusha bawa lililo upande wa upepo, kanyaga pedali ya upande wa pili kwa nguvu, na ushikilie pua isiinuke. Ndege inaiweka hewa ubavuni, inakuwa kama mlango uliofunguliwa kwenye upepo, na inashuka haraka bila kukimbia. Kabla ya kufikia kimo cha kunyanyua pua ili utue, legeza mguu na mkono pamoja.

Soma kwanza kitabu cha ndege yako. Baadhi ya Cessna 172 zina kibandiko kinachosema uepuke slipi flapu, yaani vipande vya nyuma ya bawa vinavyotumika wakati wa kutua, zikiwa zimeshushwa. Saa ya mwendo inaweza kudanganya wakati huo, kwa sababu kitundu chake cha hewa kipo ubavuni na sasa kinapigwa na upepo, au kimefichwa nao. Na mafuta yakiwa machache, slipi ndefu inaweza kuyasogeza mbali na tundu la kuyatoa tangini.

Kwenye vioo vya kisasa, kwenye uzi, na kwenye injini mbili

Ndege nyingi ndogo zinazobeba abiria siku hizi zina skrini. Humo gololi haipo, lakini tazama juu ya picha ya upeo: kuna pembetatu, na chini yake kipande chembamba kama tofali. Tofali likitoka upande, ni gololi imetoka. Likihama upana wake mmoja, ni sawa na gololi kuhama upana wake mmoja. Likanyage vilevile. Kubwa kama ile Bombadia ya panga-boi mbili inayotua Mtwara zina kifaa kinachougusa usukani wa mkia chenyewe, ndiyo maana abiria wake hawalalii ukuta.

Ndege zisizo na injini, na helikopta nyingi, huwa na uzi mfupi uliobandikwa juu ya kioo cha mbele. Ni chombo kizuri kuliko gololi kwa kazi hii, kwa sababu unaonyesha hewa yenyewe inakotoka. Ila unasomwa kinyume: mkia wa uzi ukipepea kulia, kanyaga kushoto. Kwenye ndege yenye panga puani uzi hauaminiki, maana upepo wa panga unauvuruga.

Injini mbili zina jambo moja la kukumbuka. Injini moja ikizima, kuiweka gololi katikati huku mabawa yakiwa sawa kunaiacha ndege ikiserereka kuelekea injini iliyokufa. Ilaze kidogo, isizidi nyuzi 5, kuelekea injini iliyo hai, na uiache gololi itoke karibu nusu upande huohuo. Hapo ndipo ndege inapoukata upepo kwa uso. Hili lifanye na mwalimu wa injini mbili tu.

Wa simulata

Kama kompyuta ndiyo darasa lako kwa sasa, FlightGear ni programu ya bure, na viwanja vya Mtwara na Lindi vinatafutwa kwa herufi HTMT na HTLI. Jambo la kwanza, tafuta kwenye mipangilio ile sehemu inayofanya usukani wa mkia uende wenyewe na uizime. Ikiwashwa, kompyuta itakanyaga badala yako, na utajifunza kila kitu isipokuwa miguu. Pedali zikiwa ghali, tumia joistiki inayozungushwa. Ondoka HTMT, panda kwa nguvu zote mpaka futi 3,000 huku gololi ikiwa katikati, fanya kona za nyuzi 30 juu ya Mikindani, kisha ufuate pwani mpaka Kikwetu, kiwanja cha Lindi. Kiuno hakitakwambia kitu kwenye kiti cha sebuleni, kwa hiyo macho ndiyo yatakayobeba kazi yote.

Gololi isiyotaka kurudi

Ukiwa katika mwendo wa kawaida, mabawa sawa, mafuta sawa pande zote, trimu katikati, ondoa miguu. Gololi ikikaa nje kila siku upande mmoja na kiasi kilekile, huenda kosa si lako. Kioo kinaweza kuwa kimefungwa kwenye dashibodi kikiwa kimeinama, na utalijua hilo chini, kwa sababu kitaonyesha kosa hata ndege ikiwa imeegeshwa sawasawa. Au kile kibati kidogo cha nyuma ya usukani wa mkia kimepindwa na mtu aliyekisukuma kwa mkono wakati wa kuiosha ndege. Usikinyooshe mwenyewe. Andika kwenye kitabu cha hitilafu: upande gani, kiasi gani cha gololi, mwendo gani, nguvu kiasi gani, kisha umkabidhi fundi kitabu mkononi.